Bangili ya Mbithe

Milcah, nyumba ya watumishi,
Kileleshwa, Nairobi.
18 Agosti 1957

Mpendwa ndugu yangu Munyiva,

Mwaonaje huko Changamwe na joto lenu? Shemeji Kilonzo mzima? Kioko ameacha kukohoa? Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka, na leo nakuambia kwa nini.

Tangu siku ya arusi yako, ulipovalishwa ile bangili ya shaba ya Mbithe, nakuonea wivu. Babu yetu mkuu ni mmoja, na nilidhani bibi yetu mkuu Mbithe pia ni mmoja; mimi nimekutangulia kuzaliwa na kusoma, lakini wewe ndiye uliyeitwa damu ya Syokimau, yule nabii wetu aliyeiona reli kabla ya reli. Mimi naogesha watoto wa Wazungu.

Basi nikachunguza. Jumapili tatu nikitoka kanisani nimeshuka mjini kwa Mzee Nzioki wa kwetu Iveti, anayeuza vinyago karibu na hoteli kubwa. Nilimpelekea ugoro, nikamtajia wazee wetu mmoja mmoja.

Jumapili iliyopita akanipa nilichokitaka. Mbithe, mjukuu wa Syokimau na mke mkubwa wa babu mkuu, hakuzaa. Alioa mwanamke mwenzake, iweto, kwa ng'ombe wake mwenyewe, na huyo ndiye aliyemzaa babu yako. Sikufichi, nilifurahi. Hata tone la ile damu huna! Nilirudi Kileleshwa kwa miguu nikikutungia barua kichwani, barua mbaya.

Mzee alikuwa amesema pia kwamba babu yangu alizaliwa na mke mdogo wa babu mkuu. Hilo furaha ililifunika. Nilipofika langoni ndipo likanirudia. Mtoto wa iweto ni mtoto wa yule aliyemwoa mama yake, tunajua tangu utotoni. Babu yako ni wa nyumba ya Mbithe kabisa. Babu yangu si wake kwa lolote. Wewe damu huna, lakini nyumba unayo. Mimi sina damu wala nyumba, na nimejitafutia mwenyewe.

Barua ile sikuiandika. Wivu bado ninao.

Nisalimie Shemeji, Kioko, na Mama Mbeke jirani yako. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo.

Desemba nikipewa likizo nitapanda gari moshi nije. Tukiwa wawili tu, nivalishe hiyo bangili kidogo, mpaka chai iishe kikombeni. Nitakurudishia.

Dada yako akupendaye hata hivyo,
Milcah