Ukurasa wa Kidato cha Tatu

Mitaboni,
2 Juni 2008

Kwa kaka yangu Mulwa,

Habari za Lukenya? Loise na watoto wako salama? Mimi niko mzima, kile kikohozi kiliniachilia mvua ilipoisha. Mwaitu naye yuko sawa kule Kivaa. Mama yetu ni yule yule, analima kama kawaida, na ukimwambia apumzike hakusikii.

Niko na jambo la kukuonyesha. Zile kompyuta kuukuu tulizopewa shuleni sasa zina intaneti, na nimewafungulia Kidato cha Tatu kitu kinaitwa wiki. Wasichana walicheka, wakauliza kama ni ile ya siku saba. Ni ukurasa ulio kwenye mtandao, na darasa lote linauandika pamoja. Mmoja anaanza, mwingine anasahihisha, mwingine anaongeza, na mashine inaonyesha nani ameandika nini. Wale ambao darasani hawafungui mdomo, huku wanaandika mpaka kengele inalia hawasikii.

Mada yetu ni kazi za watu wetu. Linet, msichana mpole wa hapa Mitaboni, ameandika juu ya babake, marehemu Musembi, aliyefia kwa hiyo kwari yenu ya kuchimba mawe mwaka jana. Anasema baruti ililipuliwa bila king'ora kulia. Wewe ndiwe nyapara huko, mambo ya mawe unayajua. Nimekufungulia jina na paswadi, nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Ukipita saiba ya Athi River, pale wanapokodisha intaneti, soma, urekebishe penye makosa.

Dadako,
Kavutha

Lukenya,
19 Juni 2008

Kwa dadangu Kavutha,

Salamu nyingi. Nimeshukuru kusikia mwaitu yuko na nguvu. Sisi tuko, ila mtoto Mumo alishikwa na homa. Sasa ameanza kula.

Haya siwezi kuyaongea kwa simu nikiwa hapa kambi ya wafanyakazi, watu wanasikia. Ukurasa wenu umeonekana. Meneja aliniita ofisini, akageuza kompyuta yake ili nione, akaniuliza mwalimu Kavutha Ndambuki ni nani wangu. Nikamwambia. Hakunipigia kelele. Alisema nikuombe uutoe, kisha akaniuliza nyumba ninayolala na watoto wangu ni ya nani. Unajua ni ya kampuni.

Sikuulizi kama ni kweli ama si kweli. Nakuomba tu uyatoe maneno ya huyo msichana. Wabaki na wakulima na mafundi wa viatu, hao hawatamkasirisha mtu.

Kakako,
Mulwa

Mitaboni,
27 Juni 2008

Kwa kaka yangu,

Pole kwa homa ya Mumo. Mpatie uji mwepesi, asiharakishwe na chakula kigumu. Hapa tuko salama, ila mimi usingizi umepungua.

Mwalimu mkuu pia amepigiwa simu na mtu asiyejitaja. Sasa anataka nifunge wiki yote kabla ya mitihani. Nimekataa, na hajanisalimia tangu Jumanne. Kaka, sikatai kwa kiburi. Niliwaambia wasichana siku ya kwanza kwamba hakuna atakayefuta maneno ya mwenzake bila kumwuliza. Nikifuta mimi mwalimu, nitasimama vipi mbele yao?

Umesema huniulizi kama ni kweli. Basi nakuuliza wewe, maana zamu ya siku hiyo ilikuwa yako. King'ora kililia?

Dadako,
Kavutha

Mitaboni,
11 Julai 2008

Mulwa,

Leo sikuulizi habari.

Jana asubuhi tulifungua ukurasa na maneno ya Linet hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na sentensi moja: kwamba Musembi aliingia kazini akiwa amelewa na akafa kwa uzembe wake. Linet ndiye aliyeisoma, kwa sauti, kabla sijaona. Alifika kwa neno "amelewa" akanigeukia, akauliza, "Mwalimu, nani ameandika hivi?"

Wenzake walikuwa wameshabonyeza kuona. Jina lilikuwa lako.

Alitoka akaacha mkoba wake kwa dawati. Leo hakuja. Nilienda kwao, mamake, Kanini, akaniongelesha akiwa mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Aliniambia mumewe alikuwa mtu wa kanisa, pombe hakuwahi kuionja, na kwamba heri wangebaki bila kuandikwa kuliko kuandikwa hivyo.

Maneno ya Linet nimeyarudisha, ni kubonyeza mara moja tu. Yeye mwenyewe sijui nitamrudisha vipi.

Mwaitu sijamwambia. Usije shuleni.

Kavutha

Mitaboni,
30 Julai 2008

Kwa kaka yangu Mulwa,

Uko wapi? Simu yako imezimwa. Ya Loise inaita, haishikwi. Natuma hii kambini bila kujua kama bado mko hapo.

Jana wasichana waliniita mbio. Chini ya maneno ya Linet kulikuwa na aya mpya. Hukugusa kitu alichoandika yeye. Nimeinakili hapa ili ujue tumeisoma: "Naitwa Mulwa Ndambuki. Nilikuwa nyapara wa zamu siku ile. Musembi hakuwa amelewa. King'ora kilikuwa kimeharibika, ofisi ilijua, na baruti ikalipuliwa hivyo hivyo. Ile sentensi ya pombe niliiandika mimi, meneja akiwa amesimama nyuma yangu."

Niliichapisha nikampelekea Linet kwao. Aliisoma akiwa amesimama, akampatia mamake. Kanini alikaa chini kwa ngazi akaisoma polepole, akilia bila sauti. Linet aliniuliza huyu mtu ni nani wangu. Nikamwambia ni ndugu yangu, tumbo moja. Leo asubuhi alikuwa darasani.

Mwalimu mkuu ameniita mbele ya bodi Jumatatu. Nitaenda. Lakini niambie uko wapi.

Dadako,
Kavutha

Kivaa,
10 Agosti 2008

Kwa dadangu Kavutha,

Tuko kwa mwaitu, sote. Watoto wanalala pale ulipokuwa unalala wewe. Nilifukuzwa siku iyo hiyo mliyoisoma ile aya, tukapewa mpaka jioni kutoa vitu. Loise haniongeleshi sana, na simlaumu. Mwaitu nimemweleza yote. Alisikiza mpaka mwisho, akaniambia niende nikale.

Nimesikia bodi imekupa onyo na wiki ikabaki. Ukurasa usiufute hata wakibadilisha mawazo.

Ofisi ya kazi ya serikali pale Machakos inataka nitoe ushahidi kwa niaba ya mke wa Musembi. Nimekubali. Lakini nilimwomba kwanza anione, na ametuma jibu kwamba niende Jumapili baada ya misa. Hakusema kama amenisamehe. Amesema tu niende.

Sijui nitaanzia wapi, Kavutha. Nakuomba twende pamoja. Usiniombee msamaha wala usinisaidie kuongea. Ukae tu hapo karibu mpaka nimalize.

Kakako,
Mulwa