Tumfundishe Nani Kuongoza

Jumatatu, 4 Machi
Gwaride, chai, makaratasi. Mvua tangu alfajiri. Meja, mkuu wetu wa kikosi hapa Mbinga, anataka jibu Ijumaa: mafunzo ya uongozi mwaka huu tuwape maluteni au makoplo? Wote hatuwezi. Mimi ndiye kapteni wa mafunzo na sijui. Yeye anapenda maluteni. Sipendi kuulizwa jambo ambalo jibu lake limeshapikwa.

Jumatano, 6 Machi
Aibu. Jana Koplo Ndunguru na askari wake walikuwa Maguu wakitengeneza daraja. Wanakijiji wakamletea mama mwenye uchungu, wakaomba gari. Akatupigia, mtandao hakuna. Akawaambia hana ruhusa. Wakambeba kwa machela kwenye matope. Mama yuko hai. Mtoto amekufa.
Meja amegeuka: sasa anasema makoplo ndio wafundishwe, hawana akili. Ndunguru avuliwe cheo.

Alhamisi, 7 Machi
Nilimwita Ndunguru nimfokee. Macho mekundu. Akasema, "Afande, mwaka jana niliwakimbiza hospitali wavuvi wa Lipingo, mtumbwi wao ulipinduka. Sikuomba ruhusa. Meja akaniweka mahabusu. Nikajifunza."
Kumbe kuongoza anajua. Umleavyo ndivyo akuavyo, nasi tumemlea kuogopa. Darasa gani litamwondolea hofu, kama anayemtia hofu yuko juu yake?

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwambia Meja: si maluteni, si makoplo. Tuanze na sisi tunaoadhibu. Wewe na mimi, afande. Na Ndunguru abaki na cheo chake.
Kanionyesha mlango.
Naogopa uhamisho. Mke wangu ndiyo kwanza ameanza kuizoea baridi ya huku.

Jumatatu, 18 Machi
Siku zote hizi kimya. Leo Meja kaitisha maofisa wote. Kasema somo la kwanza ni letu. Kisha akavuta kiti, akakaa upande wa wanafunzi. Hakunitazama hata mara moja. Ndunguru bado koplo. Nikafundisha.

Jumamosi, 23 Machi
Mvua imepungua. Mchana Ndunguru alipeleka gari Mpepai, kuna mzee kaangukiwa na mti. Nimepata taarifa aliporudi.
Nilikasirika. Nilikasirika kweli, mdomo ukafunguka. Nikaufunga. Nikamuuliza mzee anaendeleaje.