Rivolva ya Kumtosha Mama

Jumatatu, 3 Agosti 1981

Nimeosha vibuyu vya maziwa, nimevifukiza, nimefagia uwanja. Kisha jiografia hadi adhuhuri. Likizo ni nzuri. Hakuna anayeniita mbele ya darasa nisome kwa sauti.

Mama amerudi kutoka kwa mkubwa wa polisi. Amekubaliwa kununua bastola, kwa sharti moja: akishaichagua, apige shabaha mbele ya askari hapa Isiolo. Akikosa, hapewi leseni.

Lakini safari haingoji leseni. Ataenda Merti kununua mbuzi tarehe kumi na saba, kwa bastola au bila bastola. Tangu Baba afariki, biashara ni yake. Mwezi wa sita majambazi walisimamisha lori lake wakamvunja dereva, Guyo, mkono. Safari hii wanaweza kumuua.

Naogopa. Nimeandika ili nisiseme.

Jumanne, 4 Agosti

Abuya Jarso, kaka yake Mama, amesikia habari. Alikuja akicheka tangu mlangoni.

"Dada, si ununue mwiko mkubwa? Hiyo silaha unaijua."

"Mwiko ninao," Mama akasema. "Kaa chini uonje kazi yake."

Akakaa. Akala sahani mbili. Hakurudia neno la bastola.

Alhamisi, 6 Agosti

Nanyuki. Baridi. Mama amenichukua nimsomee Kiingereza. Duka la bunduki ni la mzee mmoja wa Kihindi mwenye miwani minene. Kabla hatujamaliza salamu akaweka mezani rivolva ndogo, inayong'aa, mpini mweupe.

"Hii ni ya akina mama."

Mama aliishika. Ilipotea mkononi. Tangu utotoni Mama alivuta maji kwenye visima virefu, na mikono yake inamshinda mwanamume yeyote ninayemjua. Yangu inaelekea huko huko. Shuleni naificha ndani ya sweta.

"Mzee, kwani akina mama wa huku hawana vidole?"

Mzee akacheka, lakini hakuleta nyingine. Kesho atatupeleka kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, Mama aijaribu hiyo. Tumelala kwa rafiki yake Mama. Mzee alinipa kijitabu cha maelezo. Nimekisoma chote, hata ukurasa wa mafuta ya kusafishia. Kinasema kifyatuo kiguswe na ncha ya kidole, si zaidi.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku ndefu. Naandika haraka kabla sijasahau.

Kopo la mafuta juu ya jiwe. Mama akapiga risasi sita. Kopo halikutikisika. Mkulima mmoja aliyekuja kujaribu bunduki yake alicheka wazi. Mzee hakucheka, lakini alisema, "Wanawake wanahitaji mazoezi tu. Chukua hiyo hiyo, Mama, utaizoea."

Mama akaanza kufungua fundo la shuka lake ili alipe. Uso wake ulikuwa na aibu. Sijawahi kuuona hivyo.

Mimi nilikuwa nimeona vumbi. Kila risasi ilirusha vumbi kulia kwa kopo, mara zote sita. Na nilikuwa nimeona kidole chake. Mpini ni mfupi mno, hivyo kidole kiliingia hadi kiungo cha pili, na akivuta, mtutu unageuka. Nilijua. Nikanyamaza. Nilijichukia. Halafu nikasikia sauti kama ya mwanambuzi, na ilikuwa yangu.

"Mzee, Mama halengi vibaya. Bastola ndiyo ndogo."

Wote wakanigeukia. Nikaendelea kwa kuwa kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi. Nikaeleza vumbi. Nikaeleza kidole. Nadhani nilieleza nikiangalia viatu vyangu.

Mzee alivua miwani, akaifuta. Akamwomba Mama aweke kiganja juu ya boneti ya gari. Akaweka chake kando bila kukigusa. Chake kilionekana cha mtoto.

"Samahani, Mama," akasema. "Nilitazama nguo. Sikutazama mkono."

Akatoa garini rivolva kubwa ya mtutu mrefu. Mkono ulitoshea vizuri. Risasi ya kwanza ikatoboa kopo, ya pili pia, lakini kufikia ya nne mtutu ulikuwa unainama kwa uzito. Isitoshe, angeificha wapi? Mama mwenyewe akairudisha.

Ya tatu ni ya wastani, nyeusi, haina urembo. Mzee alifungua skrubu, akaondoa mpini wake mwembamba na kufunga mwingine wa mbao, mnene na mrefu. Vidole vyote vitatu vya chini vikapata mahali. Ncha ya kidole ikatulia kwenye kifyatuo. Mama akavuta pumzi.

Kopo lilianguka. Tukaweka jingine. Likaanguka. Mkulima akaenda kusimama mbali.

Alhamdulillahi. Narudia: alhamdulillahi. Mzee angeweza kukasirika na kutuuzia ile nyeupe. Hakukasirika.

Jumanne, 11 Agosti

Uwanja wa polisi. Bastola yenyewe imeletwa na askari kutoka Nanyuki, kwa kuwa bado si yetu. Risasi sita, tano ndani ya duara. Mkubwa wa polisi aliangalia karatasi, akamwangalia Mama, akatia sahihi. Abuya Jarso sasa anawaambia watu sokoni kwamba shabaha ni ya ukoo wao.

Jumatatu, 17 Agosti

Wameondoka alfajiri, Mama na Guyo. Bastola iko chini ya shuka. Sikuweza kula. Nimesoma sura moja mara nne na sijui inahusu nini. Nimegundua jambo baya: nilitaka Mama apige shabaha vizuri, na sikufikiria risasi itamwingia nani.

Ijumaa, 21 Agosti

AMERUDI. Mzima. Guyo mzima. Mbuzi wote wako nyuma ya nyumba wanapiga kelele, na sijawahi kupenda kelele kiasi hiki.

Walizuiwa wakirudi, kwenye mkondo mkavu wa mto, mti umelazwa barabarani. Wanaume wawili, mmoja na bunduki. Huyo alimwelekezea Guyo kichwani. Mama akafyatua mara moja. Mwenye bunduki akaanguka akishika paja, mwenzake akakimbia. Guyo akaichukua bunduki. Mama akararua shuka lake, akamfunga yule mtu jeraha, wakampakia pamoja na mbuzi na kumleta hospitali.

Nilimuuliza kama alikuwa amelenga kichwa.

"Nililenga mguu," akasema. "Nikapata mguu."

Nimeshukuru kwa ajili ya Mama. Kisha nimeshukuru kwa ajili ya mtu yule. Ile nyeupe ingepeleka risasi popote.

Jumapili, 23 Agosti

Mama alinipa kibuyu cha maziwa nimpelekee hospitalini yule mtu wa paja. Askari wa mlangoni alionja kwanza, akaingia nacho. Nilingoja kwenye benchi karibu na mwanamke aliyekuwa akisuka kikapu. Niliwasalimu watu wawili nisiowajua.

Askari akarudi na kibuyu. Kilikuwa kitupu. Nimekiosha, nimekifukiza, nimekitundika mahali pake.