Anayelala Kwenye Pagala Langu

Chamazi, Jumapili mchana. Manyunyu tangu alfajiri, nguo nilizoanika juzi bado mbichi, na mimi sina raha na nafsi yangu.

Niseme ukweli kwanza. Ile nyumba ninayojenga nyuma ya msikiti, ambayo imebaki pagala tangu nilipoezeka vyumba viwili nikaishiwa, ina watu. Mama Zawadi, muuza vitumbua, analala humo na binti zake wawili tangu masika. Sikumruhusu, sikumfukuza. Kila asubuhi nanunua vitumbua vyake, tunaulizana hali za watoto, na wote wawili tunajifanya hakuna kitu.

Jana kulikuwa na mkutano wa mtaa. Ajenda ilikuwa moja: wanaolala kwenye mapagala. Jirani yangu Mzee Salehe alisema ndimo vibaka wanamojificha, akapigiwa makofi. Dereva mmoja wa bodaboda akauliza hao watu waende wapi, ikiwa kila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Naye akapigiwa makofi, na watu walewale. Ndivyo tulivyo.

Mwenyekiti akapendekeza: asiyeandikwa kwenye daftari la mjumbe wake wa nyumba kumi aondoke ndani ya siku kumi na nne.

Mama Zawadi akasimama. Mtaani kwetu huchangii hoja kabla hujataja jina lako na mjumbe wako. "Mie Mama Zawadi," akasema. Mwenyekiti akamuuliza, tena kwa upole, "Mjumbe wako nani, mama?"

Akanitazama.

Mimi nikafungua mkoba, nikaanza kutafuta miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa.

"Basi kaa kwanza, mama, tumalize na wakazi." Akakaa. Ikaitwa kura ya mikono. Wa mbele yangu wakanyoosha, wa pembeni wakanyoosha.

Na mimi nikanyoosha.

Niliogopa nini? Niliogopa kuulizwa mbele za watu kwa nini naacha familia ikae kwenye jengo lisilo na mlango wala choo cha maana. Mwalimu mzima, miaka ishirini darasani nikiwaambia watoto wasimame waseme kweli. Nimejionea aibu.

Leo nilikwenda kwenye vitumbua mapema, kabla wateja hawajajaa. Aliniamkia shikamoo kama kawaida. Nikamuuliza jana alitaka kusema nini. Akageuza kwanza vilivyokuwa jikoni.

"Nilitaka kuwaambia mie si wa kujificha, mwenye nyumba ananijua," akasema. "Ila nikaona unatafuta miwani, mwalimu. Nikaona nisikutie aibu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa mjumbe wangu, Mama Kessy, hata kanisani sikwenda. Akatoa daftari, akauliza: mpangaji au ndugu? Nikamwambia aandike tu kwamba anakaa kwangu, na kwamba mimi ndiye niliyemkaribisha, ingawa hilo la pili ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kuwa kweli.

"Jina lake kamili?"

Sikulijua. Miezi yote hii nakula vitumbua vya mtu, na jina lake silijui.

Nikarudi kumuuliza. Njiani nilipita mapagala mengine matatu. Sijui nani analala humo, na zile siku kumi na nne zao nimezipigia kura mimi. Hilo sijalipatia dawa. Mkutano ujao nitasimama, nitaje jina na mjumbe wangu, niseme nilikosea. Nimeliandika hapa ili nisije nikalikimbia.

Nilimkuta ameshamaliza kuuza na kurudi. Kwenye uwazi wa mlango ametundika khanga, na mbele pamefagiliwa vizuri kuliko kwangu. Jengo ni langu, nimelipa kila tofali, lakini sikuwa nimekanyaga pale tangu alipoingia.

Nikavua viatu, nikabisha hodi.

"Karibu ndani, mwalimu," akaitika.