Neno Nililolipiga Marufuku Darasani

Jumamosi. Hapa Kianjai mvua haijakata tangu alfajiri, na kifua changu ni kizito. Si mafua. Ni aibu, na heri niitaje kwa jina, maana kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa watu kutaja mambo kama haya.

Mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwetu. Wenzangu huniita Mwalimu wa Machozi, nami hucheka tu, kwa sababu moyoni najivuna. Kwenye kipindi changu nimepiga marufuku neno moja: "sawa". Muulize kijana wa kidato cha pili yuko aje, atakwambia yuko sawa hata kama nyumba yao imeungua. Kwa hivyo nawaambia watafute neno lingine, la Kiswahili, la Kimeru, hata la Sheng, mradi liwe la kweli. Jana msichana mmoja ambaye kila wiki husema amechoka aligundua kwamba hajachoka, ana upweke. Alilia kidogo, kisha akatabasamu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Leo zamu ikawa yangu.

Mutwiri, kifungua mimba wangu, alitahiriwa likizo ya Desemba. Tangu atoke jandoni halali tena nyumba kubwa. Baba zake wadogo walimjengea chumba cha mbao kando ya migomba. Mimi siingii humo, naye haingii jikoni kwangu. Chakula hupelekewa na dada yake, Kawira. Ndivyo tunavyofanya huku, na sikuwahi kuona shida.

Mchana nilikuwa jikoni na Mama Kendi, rafiki yangu wa kanisani, tukiponda mukimo wa viazi na mahindi. Mutwiri akaja akasimama nje ya mlango, mvua ikimlowesha bega.

"Mathe, naeza ongea na wewe kidogo? Kuna kitu inanisumbua kwa roho."

Mama Kendi akaangua kicheko. "Haki huyu! Si alitoka jandoni? Ama bado anataka kunyonya?"

Nami nikacheka.

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilicheka kwa ajili ya adabu ya mgeni. Uongo. Nilicheka kwa sababu niliogopa Mama Kendi ataenda kusema mwanangu ni mlegevu. Kisha nikamwambia Mutwiri, kwa sauti ya kusikika, "Wewe ni mwanaume sasa. Ngoja baba yako akuje mwisho wa mwezi, muongee." Baba yake anafanya kazi Embu.

Mutwiri akatazama chini. "Ni sawa," akasema, akaenda zake.

Hakuna mtoto wa shule ambaye ningemwacha aondoke na jibu hilo.

Wanasema mganga hajigangi. Lakini mimi sikuombwa nijigange. Niliombwa nisikilize kidogo tu.

Mama Kendi alipoondoka, mimi mwenyewe nilibeba sahani ya Mutwiri. Kawira alinitazama kama niliyepotea njia. Nikabisha mlango, Mutwiri akafungua nusu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza yuko aje, kwa ile sauti yangu laini ya darasani.

"Niko sawa, mathe."

Akapokea sahani na kuushika mlango vile mtu anavyoushika akingoja mgeni aondoke. Nikaondoka.

Sasa ni jioni na bado sijui kinachomsumbua. Huenda ni shule, huenda ni msichana. Huenda ni upweke wa chumba kile cha mbao, ambao sisi tuliupa jina la heshima. Ameninyima, na ana haki. Nani hufungua moyo wake mara mbili mbele ya mtu aliyemcheka?

Kesho baada ya kanisa nitabeba sahani tena, na kigoda changu, nikae nje ya mlango wake. Hakuna aliyekataza kukaa nje. Sitamuuliza yuko aje. Nitamwambia mimi niko aje: kwamba nilimcheka, kwamba naona aibu, na kwamba tangu Desemba jikoni kwangu kumepoa bila yeye.

Asiponijibu, nitakula chakula changu hapo hapo. Na Mama Kendi akipita, anione.