Mbuzi Aliyeongea Kimatengo

Babu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako cha kamba. Bibi ameniruhusu mwenyewe, kwa hiyo usinune. Nina habari njema: zile katuni zako za zamani nimezipata!

Deki yako ilikufa muda mfupi baada ya mazishi yako. Fundi aliifungua, akatoa mende wawili, akasema, "Hii imemfuata mwenyewe." Sahani za katuni nazo zilikuwa zimekwaruzika zote. Lakini kilichoniliza si deki, Babu. Ni Bibi. Alikuwa hacheki tena. Jumamosi jioni, saa yako ya katuni, aliketi kuchambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Nikajiambia, nikimpata yule mbuzi wako wa katuni, mpiga fidla, Bibi atacheka.

Nilianzia Mbinga mjini, siku nilipomsindikiza Mama kununua mbolea. Karibu na stendi kuna kaka anaitwa Salumu, anawawekea watu filamu kwenye flashi. Nikamwomba kwa adabu katuni za mbuzi anayepiga fidla na kuongea Kimatengo.

Duka zima likaangua kicheko. Salumu akajifuta machozi. "Mdogo wangu, mbuzi wa Ulaya amejifunzia wapi Kimatengo? Alikuja kuchuma kahawa?"

Babu! Nilidhani kuna mtu ametafsiri, kama zile filamu za kwenye mabanda ya video. Kumbe ni wewe! Ndiyo maana ulikaa nyuma yetu, karibu na spika, ukituambia, "Tazameni mbele, msigeuke." Mbuzi akilalamikia bei ya mahindi, ni wewe. Akimwogopa mama mkwe wake, ni wewe. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu ndani ya gari, Mama akaniuliza kama nina homa.

Salumu hakuwa na katuni hizo. Nikamweleza mwalimu wetu wa kompyuta, maana sasa niko kidato cha kwanza. Aliniambia nisihangaike na jina nisilolijua, nitafute kwa kile ninachokikumbuka. Tulipata mbuzi wengi, Babu, hata wa kuuzwa. Mwishowe tukafika kwenye maktaba moja ya mtandaoni inayotunza filamu za kale, na kila mtu anaruhusiwa kuzitazama bure. Mbuzi wetu alikuwa humo, na kofia yake iliyotoboka. Nilipiga kelele darasani. Mwalimu akanisamehe, akaniwekea kwenye flashi.

Jumamosi nikamketisha Bibi mbele ya televisheni ya baba mdogo. Mbuzi akatokea, akapiga fidla. Muziki tu. Bibi akatazama, akatazama, kisha akauliza, "Ana nini huyu? Anaumwa?"

Nilikuwa nimeleta mbuzi bubu.

Basi nikaenda kukaa nyuma. Nikaanza kumsemea kwa Kimatengo changu, nusu yake Kiswahili cha shule. Mama mkwe alipotokea mlangoni, mbuzi wangu akamsalimia.

"Hapana!" Bibi akageuka. "Mama mkwe anasalimiwa hivyo, umesimama kama mlingoti? Sogea huko, mke mwenzangu, unamharibia mbuzi adabu!"

Akaja nyuma, akachukua nafasi ya mama mkwe. Ee Babu, ungesikia! Alimwuliza mbuzi ni mkwe gani asiyechimba hata shimo moja la ngolo la kukinga maji shambani mlimani, mvua imekaribia, yeye amekumbatia fidla. Nikajitetea kwamba mgongo unauma. Akaniambia mgongo unaoinama kwenye pombe utainama na kwenye jembe. Hapo akashindwa kuendelea. Alicheka mpaka kilemba kikamwangukia puani, akanishika bega, na machozi yakamtoka, akawa analitaja jina lako na kucheka tena. Majirani wakaja kuuliza kuna nini. Wakabaki.

Nakuahidi mambo mawili. Nitajifunza Kimatengo sawasawa, kwa Bibi, kila Jumamosi. Na likizo hii tunashuka ziwani, kwa shangazi kule Mbaha. Watoto wake wanaongea Kinyasa. Nimemwambia Bibi kwamba mbuzi hajui Kinyasa. Amesema mbuzi atajifunza njiani.

Pumzika vizuri, Babu yangu. Bibi ananiita, anataka kufanya mazoezi.

Mjukuu wako,
Editha