Mama Mkwe Aliiba Mgao

Lakini keki haikuanguka, Mpendwa Mshauri, wala baba yangu na mama mkwe hawakurushiana viazi kama nilivyohofia katika barua yangu ya Agosti, ile uliyonijibu kwamba watu wanaoweza kukaa meza moja ya karata wanaweza kukaa ukumbi mmoja wa harusi, na ulisema kweli, walikaa, wakacheka, wakacheza hata polka, na mimi sasa ni mke wa Nels Tollefsrud kwa wiki tatu na siku mbili, na kila asubuhi nikiona viatu vyake vya zizini vimesimama mlangoni karibu na vyangu nacheka peke yangu kama mwehu. Ningependa kukuandikia hayo tu na kuishia hapo. Ila naomba msaada tena, na safari hii ni mkubwa, maana furaha yangu yenyewe ndiyo iliyowasha moto na sijui nianze kuuzima upande gani.

Kwa wasomaji wako wasionijua, baba yangu ni Wendell Haskamp, muuza matrekta na mwenyekiti wa chama chetu hapa wilayani, na mama mkwe wangu ni Arlys, karani wa wilaya kwa miaka kumi na tisa, wa chama kile kingine, ambaye ndiye husimamia uchaguzi na kuhesabu kura zetu sote, na Novemba hii jina lake limo tena kwenye karatasi ya kura. Harusini alisimama kutupongeza. Akasema ndoa ni kama mchezo wa karata wa yuka, lazima umwamini mwenzako bila kuona karata zake, kisha akasimulia jinsi alivyoiba mgao kwenye mashindano ya kanisa mwaka jana. Wote tunacheza yuka hapa, hata mchungaji, na wote tunajua kuiba mgao si wizi: zamu ya kugawa ikiwa ya wenzako, wakasahau kwa porojo, ukazichukua karata ukagawa wewe, na wasigundue mpaka turufu ifunuliwe, basi mgao ni wako na lawama ni ya aliyelala.

Sasa Mama Arlys alipofika mwisho wa hadithi alisema hivi, nakuandikia neno kwa neno kwa sababu nimelisikiliza mara mia: "Niliiba mbele ya macho yao. Wote walikuwa mezani, wote wananitazama, hakuna aliyefungua mdomo. Na Novemba naiba tena!" Mashindano ya kanisa ni Novemba, ndiyo maana. Ukumbi ukalipuka, na Nels wangu aliyekuwa pembeni yangu akacheka kile kicheko chake kinachoanzia tumboni, kile kilichonifanya nimpende siku ya kwanza kwenye mnada wa ndama, na simu yangu ilikuwa inarekodi yote.

Kesho yake asubuhi, bado nina maua kwenye nywele, nilitaka watu wasikie kicheko cha mume wangu. Mwanzo wa video shangazi yangu alikuwa amesimama mbele na mgongo wake wote, nikaukata. Nikabakiza sekunde kumi na tano. Nikaziweka mtandaoni kwenye ukurasa wa wageni wa harusi, ulio wazi kwa yeyote, na juu yake nikaandika "Mwizi ninayempenda!" na mioyo sita. Baada ya dakika arobaini nikaangalia tena, nikaona maneno ya watu nisiowajua, nikafuta, lakini mshauri, dakika arobaini zinatosha kukamua zizi zima.

Tangu hapo redio ya baba, ile anayoisikiliza dukani, inacheza sekunde zile kila saa kabla ya hali ya hewa. Wageni wa upande wa mkwe walipiga simu kueleza ni karata, wakaambiwa, "Ninyi ni ndugu zake, mtasema nini kingine?" Wa upande wetu wamekaa kimya. Televisheni ya mji mkuu nayo ikalichukua, mtangazaji mmoja ambaye nadhani hajawahi kushika karata akasema, "Sasa wanajitetea kwamba aliiba mgao. Mgao wa nini? Yaani kumbe na mgao umeibwa?" Na sasa baraza la wilaya litakutana Jumanne ya tarehe ishirini kupiga kura ya kumtaka Mama Arlys ajiuzulu kabla ya uchaguzi.

Na redio ya jikoni kwa mama mkwe, ile ya upande wao, inalia mchana kutwa, "Tupeni video nzima! Huu ni udhalimu!" Mimi nikiisikia nataka kucheka na kulia, maana ni redio hiyo hiyo, mwezi Machi, iliyomwita baba yangu mwizi wa vibao vya kampeni kwa siku kumi na moja, kwa sababu ya picha moja iliyomwonyesha kando ya barabara akipakia kibao cha wapinzani kwenye gari lake, kumbe upepo ulikuwa umeangusha vibao vyote, vyao na vyetu, naye alikuwa anaviokota akavisimamishe upya, na picha nzima ilipoonekana wakaomba radhi kwa sentensi moja baada ya bei ya maziwa. Wakati ule redio ya baba ndiyo iliyokuwa inalia "Tupeni picha nzima!" Nilivaa hata fulana yenye maneno hayo. Yaani wamebadilishana wimbo kama watoto wanavyobadilishana vibandiko, na mimi niliyelelewa na wimbo mmoja na kuolewa kwenye wimbo wa pili sijui tena niimbe nini.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Video nzima ninayo. Ni dakika sita. Na ndani yake, mara tu Mama Arlys anapomaliza, baba yangu anaonekana wazi akipiga meza na kusema, "Arlys, mwizi wee! Hata mimi uliniibia hivyo hivyo mwaka juzi, na nilikuwa na madume yote mawili mkononi, karata zinazoshinda zote!" Kwa hiyo alijua. Na redioni baba alisema, "Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Wananchi waamue." Hakusema uongo hata neno moja, mshauri. Hilo ndilo linaloniuma.

Nilimfuata dukani kwake.

"Baba, ulijua anasema karata."

"Hakuna aliyeniuliza kama ni karata."

"Baba!"

"Binti yangu, Machi waliponifanya mwizi wa vibao, huyo mama mkwe wako alipiga simu redioni? Alijua kuna upepo. Uling'oa paa la banda lake la kuku! Akanyamaza. Na mimi nimenyamaza. Tofauti iko wapi?"

 Akanipa pipi ya mnanaa kutoka kwenye bakuli la wateja, kama vile bado nina miaka sita, akarudi kwenye trekta lake.

Na Nels wangu hajui kwamba aliyekata ni mimi. Anadhani ni mpiga picha tuliyemkodi, Thora, msichana mpole kabisa, na amewaambia binamu zake, nao wamewaambia watu, na tayari bibi harusi mmoja wa Oktoba amemwachisha kazi. Ijumaa tulikuwa tunakula samaki wa kukaanga kwenye mgahawa wa ziwani, akaniambia, "Nikimkamata aliyekata ile kitu, namfungia zizini na fahali." Nikapaliwa.

"Vipi, mpenzi?"

"Mwiba."

"Huyu samaki hana miiba, mke wangu. Wanaitoa."

Akanipiga mgongoni taratibu, akaniwekea jibini mbichi kwenye sahani, ile inayolia ukiitafuna, kwa sababu anajua naipenda, na mimi nilimpenda na kumwogopa kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikuambiwa kwamba linawezekana.

Jana Mama Arlys alikuja na chupa ya biti nyekundu zilizolowekwa kwenye siki. Redio ilikuwa inasema jina lake. Akaizima mwenyewe, akasema, "Mwanangu, usipike huku unasikiliza haya, mchuzi utachacha." Kisha akaniuliza kama Nels anavaa soksi kavu. Basi.

Nikiitoa video, namsafisha mama wa mume wangu na kumvua nguo baba yangu mbele ya wilaya nzima. Nisipoitoa, baba anabaki na heshima na mama mkwe anapoteza kazi kwa kicheko nilichotaka kukihifadhi. Na nikisema ni mimi, labda sitaona tena vile viatu mlangoni. Niko upande gani, mshauri? Nimechanganyikiwa mpaka jana nimetia chumvi kwenye kahawa ya mume wangu, naye akainywa yote asiseme kitu.

Corrine, mke wa Nels

MSHAURI ANAJIBU

Corrine, mwanangu, mwanamume anayekunywa kahawa ya chumvi bila kunung'unika hatakufungia zizini na fahali. Hilo tuliondoe kwanza.

Umeniandikia kurasa tatu kuhusu redio mbili zenye nyuso mbili, na kila ulichosema ni kweli. Lakini hebu njoo tuitazame redio ya tatu, ile iliyo mfukoni mwa aproni yako. Machi ulivaa fulana ukidai picha nzima. Oktoba picha nzima unayo wewe, na umeikalia. Kilichobadilika ni nini, kama si jina la atakayeaibika? Usiwacheke watangazaji mpaka umejicheka mwenyewe. Mama mkwe wako aliiba mgao, jambo linaloruhusiwa. Wewe uliiba mwanzo, na huo hauna kanuni inayoulinda.

Najua hukukusudia. Ulikuwa bibi harusi wa siku moja, na bibi harusi wa siku moja hapaswi kukabidhiwa hata mkasi wa kukatia kucha. Kwa kukata nakusamehe. Kwa wiki tatu za kunyamaza huku yule msichana Thora akipoteza wateja, sikusamehe bado, na wewe usijisamehe haraka. Katika barua yako yote amepata mistari michache, katikati ya samaki na jibini. Yeye hana chama wala redio ya kumlilia.

Baba yako alikuuliza tofauti iko wapi. Jibu ni hili. Arlys alikosea Machi, na nikikutana naye nitamwambia, maana banda la kuku lilikuwa ushahidi wa kutosha. Lakini yeye alinyamaza. Wendell hakunyamaza. Alikwenda redioni akasema nusu, na nusu aliyoichagua ni ile iliyokuwa inauma. Mtu anayenyamaza amekunyima maji. Mtu anayesema nusu amekupa maji yenye kitu ndani. Mwambie hivyo, kwa upole, na umrudishie pipi yake.

Unaniuliza uko upande gani. Acha upuuzi. Wewe ni binti wa mmoja na mkwe wa mwingine, na hakuna uchaguzi utakaobadilisha hilo.

Leo, kabla Nels hajavua vile viatu unavyovipenda, mwambie. Usianze na machozi wala na mioyo sita. Sema, "Niliyekata ni mimi, nilitaka watu wasikie unavyocheka." Kisha nyamaza, umwache akasirike kadiri anavyotaka. Atatoka nje, atakwenda kwa ng'ombe, atarudi. Akirudi, mwonyeshe dakika sita zote.

Kesho mpeleke Nels kwa baba yako. Mwonyeshe naye. Usimwombe ruhusa, mpe nafasi: aende mwenyewe kwenye redio yake aseme "nilijua ni karata" kabla ya tarehe ishirini. Akikubali, wilaya itamheshimu kuliko inavyomheshimu sasa. Akikataa, Jumanne wewe utasimama mbele ya baraza na simu yako, na video itachezwa nzima, na usithubutu kumkata shangazi yako. Mgongo wake utuzibe macho dakika nzima kama ulivyowaziba wageni harusini. Watu wauone huo mgongo wajue hakuna kilichoondolewa.

Na kwa Thora, andika pale pale ulipoweka zile sekunde, kwa jina lako, kwamba hakuhusika. Nels awaambie binamu zake kwa kinywa chake. Kisha yule bibi harusi wa Oktoba umpigie wewe.

Mimi nami nina la kukiri, maana siwezi kukukaripia huku nimeficha mikono. Gazeti hili unalolisoma lilichapisha maneno ya Arlys ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa kama ngumi, na hakuna mtu hapa ofisini aliyenyanyua simu kumuuliza mgeni hata mmoja. Mimi mwenyewe nacheza yuka miaka hamsini. Niliyasoma yale maneno nikahisi kitu, nikageuza ukurasa nitazame matokeo ya maonyesho ya maboga. Nimemwambia mhariri kwamba marekebisho yatakaa ukurasa ule ule, kwa herufi zile zile, la sivyo atafute bibi mwingine wa kujibu barua zenu. Alikuna kichwa. Amekubali.

Mwisho, mwambie Mama Arlys aandae meza, na baba yako aje, kila mmoja na aibu yake na bakuli lake la chakula. Mimi sikufika harusini kwa sababu ya goti, lakini goti limepona. Nitakuja kwenu kabla mwezi huu haujaisha, nicheze upande wa Wendell, na zamu ya kugawa ikifika sitaondoa macho yangu kwenye mikono ya mama mkwe wako.